Kwa nini Kibo huonekana bapa kutoka Moshi, na picha mbili zipigwe kwa kuachana umbali gani ili kina kionekane?

MkaziWaMoshi

Wanajukwaa, habari za leo.

Ninaomba msaada kwa wanaofahamu upigaji picha au elimu ya macho. Kutoka mjini Moshi, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima, Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, kinaonekana waziwazi hadi mikunjo ya barafu iliyobaki. Hata hivyo ninachokiona ni bapa tupu. Msitu, nyanda zilizo juu yake na kilele chenyewe vyote vimekaa kwenye uso mmoja, ingawa ninajua kwamba kati ya ukingo wa msitu na kreta kuna mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mparachichi ulio uani kwangu, kwa upande mwingine, ninauona na unene wake wote, tawi kwa tawi.

Nimesoma kwamba hisia ya kina hutokana na macho mawili kukiona kitu kimoja kutoka sehemu mbili, na kwamba mtu anaweza kupiga picha mbili kisha akazitazama kwa pamoja, ya kushoto kwa jicho la kushoto na ya kulia kwa jicho la kulia. Nilipiga kwa simu picha mbili nikisogea hatua moja kati yake, nikazitazama kwa kile kifaa cha kadibodi chenye lenzi mbili, na mlima ukabaki bapa vilevile. Je, nisogee kiasi gani? Na nikisogea sana, ninachokiona kitakuwa mlima wenyewe au kiini macho tu?

MpimaMstaafu

Ndugu MkaziWaMoshi, nimefanya kazi ya kuchora ramani kutokana na picha za anga hadi nilipostaafu, kwa hiyo jambo unaloliuliza ndilo lililonilisha. Kifaa chako hakina kasoro na simu yako haina kasoro. Kilichopungua ni masafa kati ya vituo viwili vya kupigia picha, ambayo sisi wapimaji tunayaita kitako, na yamepungua kwa kiwango kikubwa kuliko unavyodhani.

Macho ya mtu mzima yameachana kwa milimita 63 hadi 65 hivi. Kila kitu unachokitazama hufanya pembetatu nyembamba na macho yako hayo mawili, na ubongo hupima kina kwa kulinganisha pembe ya kitu kimoja na ya kingine. Kadiri kitu kinavyokwenda mbali, ndivyo pembe inavyozidi kufinyika. Nyuzi moja ina sekunde za pembe 3,600, na mtu mwenye macho mazuri huweza kutambua tofauti ya sekunde 10 hadi 30. Ukipiga hesabu kwa sekunde 30, utaona kwamba uwezo wa macho mawili unaishia kwenye mita 450 hivi. Kwa sekunde 10 unafika mita 1,300 au zaidi kidogo. Kupita hapo, mlima ulio kilomita 5 na mlima ulio kilomita 50 ni sawa mbele ya macho, na kinachokusaidia kujua upi uko mbali ni ukungu, ukubwa unaoujua tangu zamani, na kitu kimoja kukikinga kingine. Kilele cha Kibo kiko kilomita 30 hivi kutoka mjini. Pembe yake kwa macho yako haifiki hata nusu ya sekunde moja. Mparachichi wako uko mita chache, ndiyo maana unaujua hadi matawi yake.

Sasa tuje kwenye hatua yako moja. Chukulia umesogea mita moja kamili: kwa umbali wa kilomita 30 hiyo ni pembe ya sekunde 7 hivi. Pikseli moja ya simu ya kawaida, inapopiga bila kuvuta, hubeba takribani sekunde 60. Kwa maneno mengine, tofauti uliyoitafuta ilikuwa karibu sehemu ya kumi ya pikseli moja, na picha zako mbili zilikuwa picha moja iliyopigwa mara mbili.

Dawa yake ilijulikana zamani. Mwaka 1838 Charles Wheatstone alieleza mbele ya Royal Society ya London kifaa chake cha vioo kilichounganisha michoro miwili kuwa umbo moja lenye kina. Mwaka 1857 Hermann von Helmholtz akaeleza kifaa kingine kilichotanua macho yenyewe: vioo viwili vikubwa vimewekwa nje, kimoja kila upande, kila kimoja kimeinama nyuzi 45, vikirusha taswira kwenye vioo viwili vidogo vilivyo mbele ya macho. Anayechungulia humo anaona kana kwamba jicho lake la kushoto liko kwenye kioo cha nje cha kushoto na la kulia kwenye kioo cha nje cha kulia. Baadaye wanajeshi walitengenezewa darubini za mikono miwili inayofunguka, nazo zilitumika sana katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu kupima umbali wa shabaha ni suala lilelile la pembetatu.

Kwa picha huhitaji vioo, unahitaji miguu. Wapigaji wengi wa picha za kina hufuata kanuni ya moja kwa thelathini: kitako kiwe sehemu ya thelathini ya umbali wa kitu kilicho karibu zaidi ndani ya picha. Kwa kitu kilicho kilomita 30 hiyo ni kilomita 1 nzima. Lakini zingatia maneno "kilicho karibu zaidi". Ukisogea kilomita moja huku ndani ya picha kuna paa la jirani lililo mita 200, paa hilo litakuwa limehama kabisa na macho hayatakubali kuunganisha chochote. Ikiwa tuta la kwanza la msitu linaloonekana liko kilomita 10, basi mita 330 zinatosha, na binafsi ningeanza na mita 300. Tafuta mahali palipoinuka, vuta lenzi hadi vitu vya karibu vitoke nje ya picha, na ukumbuke kwamba kuvuta lenzi kunakuza pia tofauti kati ya picha mbili, hivyo ukivuta mara tatu unaweza kupunguza kitako.

Moshi mna bahati. Mlima uko kaskazini yenu, na barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Himo inapita kusini mwake ikielekea mashariki, kwa hiyo kusogea kando ya barabara hiyo ni kusogea ubavuni mwa mlima, jambo ambalo ndilo linalotakiwa. Kusogea kwa kuukaribia au kwenda mbali nao hakuna faida. Picha ya mashariki ni ya jicho la kulia, ya magharibi ni ya jicho la kushoto. Kamera zote mbili zielekee upande mmoja kwa usawa, na usiigeuze ya pili ili kilele kikae katikati, kwa maana ukifanya hivyo kwa pembe kubwa kingo za picha zitapinda tofauti na macho yatachoka.

MachoMawili

Nimesoma maelezo ya Mzee kwa heshima zote, lakini sehemu ya pili ya swali haijajibiwa. Hakuna binadamu mwenye macho yaliyoachana kwa mita 300, sembuse kilomita. Kwa hiyo anayetazama picha hizo haoni kitu ambacho mtu yeyote aliyesimama Moshi angekiona. Nimewahi kutazama picha za majiji zilizopigwa kwa namna hii, na maghorofa yalionekana kama vikorokoro vya kuchezea mezani. Mimi naiita hiyo chumvi, na mlima mkubwa kuliko yote Afrika hauhitaji kutiwa chumvi.

MwalimuWaFizikia

MachoMawili ameligusa jambo la msingi, ila amelichanganya na jingine. Kuna athari mbili hapa, na zinatoka sehemu tofauti.

Ya kwanza ni kudogosha. Ukitanua kitako mara elfu kumi na tano, pembetatu zote zinabaki na umbo lilelile, na kitu pekee kinachobadilika ni kipimo. Ubongo haujui kwamba macho yametanuliwa; unachukulia kwamba bado yameachana kwa milimita 65 na unapanga kila kitu kulingana na hilo. Tuchukue kitako cha kilomita 1 alichokitaja Mzee. Kilomita moja ni takribani mara 15,400 ya milimita 65. Gawanya Kilimanjaro chote kwa namba hiyo: kilele kitakuwa mita 2 hivi mbele yako, kimo cha mlima kutoka Moshi hadi ncha yake ya juu kabisa, Uhuru, ambacho ni kama mita 5,000, kitakuwa sentimita 32, na kreta ya Kibo yenye upana wa kilomita 2.4 itakuwa na upana wa sentimita 16. Uwiano wa mteremko, kina cha mabonde na upana wa kreta vyote vimebaki sahihi. Ni mlima uleule kwa kipimo kingine, na kuuita uongo ni sawa na kuiita ramani ya ukutani uongo kwa sababu nchi haienei ukutani.

Ya pili ni kunyoosha au kufinya umbo, na hiyo ndiyo inayostahili lawama. Hutokea pale picha inapotazamwa kwa pembe tofauti na ile iliyopigiwa. Ukipiga kwa lenzi ya kuvuta na kuitazama picha kana kwamba ilipigwa kwa lenzi pana, kina kinafinywa, na vitu vinakaa kwa tabaka, kila tabaka bapa. Ukifanya kinyume chake, kina kinarefuka na mlima unatoa pua. Kwa hiyo anayetaka uaminifu asiogope kitako kikubwa. Ahakikishe tu kwamba picha inajaza sehemu ileile ya upeo wa macho ambayo kamera iliiona.

Hata hivyo ninakubaliana na MachoMawili kuhusu majiji. Mtu amezoea ukubwa wa basi na wa mlango, na akiviona vimekuwa vidogo anapata mshtuko. Kreta na bonde havina ukubwa aliouzoea, na ndiyo maana milima na mawingu huvumilia kitako kikubwa kuliko mitaa.

MpimaMstaafu

Mwalimu amesema vema, nami niongeze ushahidi wa kazini. Picha za anga za kutengenezea ramani hupigwa na ndege inayoruka kwa mstari ulionyooka, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia kwa asilimia 60 hivi, ili kila sehemu ya ardhi ionekane katika picha mbili. Kwa kamera za filamu tulizozizoea, kitako kati ya picha na picha kilikuwa karibu sehemu 6 kwa 10 ya urefu wa ndege kutoka ardhini, ambacho ni kikubwa mno. Ukiziweka picha hizo chini ya stereoskopu ya mezani, yaani kifaa cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, mteremko wa kawaida unasimama mara tatu au nne zaidi ya ulivyo. Kijana anayeanza kazi hushika kingo za meza kwa woga anapokiona kilima cha mita 40 kinamjia usoni! Baada ya muda anazoea, na anaanza kuushukuru ukali huo, kwa sababu ndio unaomwezesha kutambua mtaro mdogo, ukingo wa mto mkavu au tuta la barabara ya zamani ambavyo mtu aliye ndani ya ndege hawezi kuviona kwa macho yake. Mistari ya mwinuko iliyomo kwenye ramani za 1:50,000 za Tanganyika na Kenya ilichorwa kwa njia ya namna hiyo, na chombo cha kuchorea hakidanganyiki kwa ukali wa macho, kwa maana kinajua kitako halisi.

Na kwa kuwa swali ni la Kilimanjaro, wengi hawajui kwamba mlima huu ulipimwa kwa njia hiyo mapema sana. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler, ambao mwaka huohuo walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, walizunguka sehemu za juu za mlima wakiwa na vifaa vya kupima kwa picha. Klute alipiga jozi za picha kutoka vituo vilivyoachana ardhini, si angani, na kutokana na jozi hizo ikatokea ramani ya kipimo cha 1:50,000. Ramani hiyo ndiyo iliyowapa wanasayansi wa siku za karibuni mahali pa kuanzia hesabu ya barafu: mwaka 1912 barafu ilifunika takribani kilomita 12 za mraba, na ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 2 za mraba. Ndugu MachoMawili, kama Klute angetosheka na kitako cha milimita 65, leo tungekuwa tunabishana tu kuhusu barafu ilifika wapi.

Niseme pia kwamba mtu aliyekipa kiwanda cha Zeiss cha Jena vifaa vingi vya upimaji wa aina hii, Carl Pulfrich, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Kuna athari ya kina inayoitwa kwa jina lake, aliyoieleza mwaka 1922, ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuiona.

AngaZaUsiku

Shikamoo Mzee. Sisi tunaotazama nyota tunalichukulia suala hili kwa vitako ambavyo havitembeleki kwa miguu.

Mwezi uko mbali kwa kilomita 384,000 hivi, kwa hiyo kanuni ya moja kwa thelathini inadai kitako cha kilomita 12,800, ambacho ni kipenyo chote cha Dunia. Mnamo miaka ya 1850 Mwingereza Warren De la Rue alikipata kitako hicho bila kutoka kwenye darubini yake. Mwezi hutuonyesha uso mmoja, lakini kwa kuwa unajizungusha kwa mwendo usiobadilika huku mwendo wake wa kuizunguka Dunia ukipungua na kuongezeka, tunauona ukigeuka kidogo kushoto na kulia, hadi karibu nyuzi 8 kila upande. Kwa jumla tunaona asilimia 59 ya uso wake. De la Rue alichagua picha mbili za nyakati tofauti zenye mwanga wa Jua unaofanana, na zilipowekwa kwenye stereoskopu Mwezi ukaonekana tufe kamili, kama mpira. Kazi ngumu ni kulinganisha mwanga: vivuli vya kreta vikitofautiana, macho hayaungani, na kusubiri jozi inayofaa kunaweza kuchukua miezi mingi.

Nyota ndizo zinazodai zaidi. Mwaka 1838, mwaka uleule wa Wheatstone, Friedrich Bessel wa Königsberg alitangaza kwamba ameupima umbali wa nyota 61 Cygni kwa kutumia ncha mbili za njia ya Dunia kulizunguka Jua, yaani kitako cha kilomita milioni 300, na bado badiliko la nyota hiyo kati ya ncha hizo mbili lilikuwa karibu theluthi mbili tu ya sekunde ya pembe. Hiyo ni namba ya kupimwa kwa chombo. Hakuna jicho litakaloiona. Jozi ya kwanza ya picha za nyota ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitazama na kuona kina ilipatikana mwezi wa Aprili 2020, chombo cha New Horizons cha Marekani, kilichokwisha kuipita Pluto, kilipoipiga picha Proxima Centauri na Wolf 359 kikiwa kilomita bilioni 7 hivi kutoka kwetu, huku darubini za duniani zikizipiga picha nyota hizohizo. Katika jozi hiyo Proxima, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2, inakaa mbele na nyota nyingine zote zinabaki nyuma yake.

Kwa hiyo namuunga mkono MachoMawili katika jambo moja: hakuna binadamu mwenye macho ya namna hiyo. Ila kina anachokiona hapo kipo kweli, na bila kitako kikubwa hakionekani.

MachoMawili

Kuhusu barafu nimeelewa, na nakubali kwamba kwa upimaji njia hii haina mbadala. Kwa picha ya kutundika sebuleni bado nachagua mlima mkubwa ulio bapa kuliko mlima wa sentimita 32 wenye kina. Hilo nadhani ni suala la ladha.

MkaziWaMoshi

Ninawashukuru wote, hasa Mzee kwa kunitajia barabara. Nina maswali mawili ya mwisho. Nikitembea mita 300 au 400 kwa miguu, mawingu yatakuwa yamehama, nifanyeje? Na mwezi ujao ninasafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam kuja KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Je, dirishani naweza kufanya chochote?

MpimaMstaafu

Mawingu ni adui wa kweli, kwa sababu wingu lililosogea kati ya picha mbili hupewa na macho umbali ambao si wake: likienda upande mmoja litaelea mbele ya mlima, likienda upande wa pili litaonekana limezama ndani ya jabali. Mchukue rafiki mwenye simu inayofanana na yako, kila mmoja asimame kwenye kituo chake, mpigiane simu na mhesabu pamoja hadi kubonyeza. Tofauti ya nusu sekunde haitadhuru kitu kwa umbali huo. Kama una droni yenye kibali, iendeshe ubavuni kwa kimo kilekile, upige mwanzo na mwisho wa mstari, asubuhi kusipokuwa na upepo.

Kwa ndege ni rahisi kuliko ardhini, kwa maana rubani anakutembezea kitako bure. Ndege za mapanga zinazofanya safari za ndani huenda kwa karibu kilomita 500 kwa saa, ambazo ni mita 140 hivi kwa sekunde. Mlima ukiwa umbali wa kilomita 20, kanuni inataka mita 670, kwa hiyo hesabu sekunde 5 kati ya picha na picha. Piga mfululizo mrefu, kila baada ya sekunde moja, kisha uchague nyumbani jozi inayokupendeza. Ukikuta kina kimezidi, chukua jozi ya karibu zaidi. Bawa na ukingo wa dirisha visiingie kwenye picha, kwani viko mita chache nawe.

Angalia sana mpangilio. Ukikaa dirisha la kulia, mbele ya ndege iko mkono wako wa kushoto unapotazama nje, kwa hiyo picha iliyopigwa baadaye ndiyo ya jicho la kushoto. Ukikaa dirisha la kushoto, iliyopigwa baadaye ni ya jicho la kulia. Ukizibadilisha, mabonde yatainuka kuwa migongo na kreta itakuwa kichuguu. Ukiona hivyo usizifute, hamisha tu ya kulia iende kushoto.